Mbalanga, Barasi na Ukoma: Historia ya Majina ya Maradhi ya Ngozi katika Nyanda za Handeni na Korogwe

Mada yetu ya leo inahusu maneno machache ambayo kwa karne nyingi yamebeba hatima ya watu. Mkata ninayoikusudia ni ile ya wilaya ya Handeni, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Segera na Korogwe, wala si mbuga ya Mkata ya Morogoro. Hapo, kama penginepo pote katika nchi ya Wazigua na jirani zao, mtu akitokewa na baka jeupe mkononi au usoni, watu humtafutia jina kabla ya kumtafutia dawa. Hoja yangu ni kwamba jina hilo ndilo huamua kama ataendelea kula na wenzake sinia moja, kama ataolewa, na kama atafika kwa tabibu mapema au baada ya vidole kukatika.

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina katika uwanja huu. Kuna ukoma na matana. Kuna jedhamu na barasi, yaliyotoka katika Kiarabu. Na kuna mbalanga, au balanga, ambalo wazungumzaji wengi hulitumia kwa mabaka meupe ya ngozi. Katika Kiarabu cha wanazuoni, judham na baras ni mambo mawili: la kwanza hula viungo, la pili huondoa rangi. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo ulififia. Hata baadhi ya kamusi za zamani zilieleza mbalanga kuwa ni namna ya ukoma. Hivyo mtu ambaye ngozi yake imepoteza rangi tu akahesabiwa pamoja na mwenye maradhi ya kuambukiza.

Athari za mchanganyiko huo zilikuwa za kisheria pia. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara yake, barasi imetajwa pamoja na jedhamu na wazimu miongoni mwa aibu zinazoweza kumpa mwana ndoa haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Qurani nayo inamtaja mwenye barasi pamoja na kipofu wa tangu kuzaliwa, kuwa ni miongoni mwa walioponywa na Nabii Isa kwa idhini ya Mungu. Basi neno hili lilipoingia katika nyanda zetu lilikuja na uzito wa aina mbili: ni maradhi yaliyohitaji muujiza, na ni sababu ya talaka.

Upande wa Wakristo nao ulikuwa na historia yake. Wamisionari wa UMCA walianza kazi Magila, Muheza, mwaka 1868, na baadaye wakaenea hadi Korogwe na Handeni. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika Mambo ya Walawi sura ya 13, hulifasiri neno la Kiebrania tsaraath kwa neno moja: ukoma. Na hali maandiko yenyewe yanasema kwamba pigo hilo huweza kuingia katika vazi na katika kuta za nyumba, jambo linaloonyesha wazi kwamba halikuwa jina la ugonjwa mmoja. Msomaji wa kawaida alipokuta hapo habari za baka jeupe na nywele zilizogeuka kuwa nyeupe, kisha amri ya kumtenga mgonjwa nje ya kambi, alimwona jirani yake mwenye mbalanga. Serikali za kikoloni, ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, zilipoweka makambi ya wakoma, hofu hiyo ilipata umbo la ua na lango.

Sayansi imetenganisha kile ambacho lugha ilikichanganya. Mwaka 1873 Armauer Hansen wa Norway aligundua kijidudu cha ukoma. Mbalanga, ambayo madaktari huiita vitiligo, haina kijidudu: kinga ya mwili wenyewe hushambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi kwa kugusana, kwa chakula wala kwa kitanda. Humpata takriban mtu 1 katika kila 100 duniani, weusi kwa weupe, ila kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi. Baka lake ni jeupe kama maziwa, na mgonjwa huhisi akiguswa kwa pamba. Baka la ukoma kwa kawaida limepauka tu, na mara nyingi limekufa ganzi. Aidha, katika vijito vya milima ya Usambara, Korogwe ikiwamo, kuna ugonjwa wa usubi, ambao baada ya miaka mingi huacha madoa meupe kwenye miundi. Hivyo eneo moja lina vyanzo vitatu vya weupe, na kila kimoja kina dawa yake.

Kosa la jina huumiza pande zote mbili. Mwenye mbalanga akiitwa mkoma, hutengwa bure. Mwenye ukoma akijiambia kwamba ana mbalanga tu, hukosa dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1981, ambazo humponya kabisa, na akichelewa hubaki na ulemavu usiorudi nyuma.

Tiba ya mbalanga nayo ina nasaba ndefu. Ibn al-Baytar wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1248, aliandika habari za mbegu ya mmea ambayo mgonjwa huila kisha huketi juani. Katika miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Misri alitibu wagonjwa kwa dawa iliyochujwa kutoka mmea huohuo. Mwaka 1997 watafiti wa Uholanzi walionyesha manufaa ya mwanga maalumu usiohitaji dawa ya kumeza, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib. Hakuna kati ya hizo iliyo ponyo la hakika: uso huitikia vizuri, ncha za vidole na midomo huitikia kidogo. Kwa mtu wa Mkata, barabara ya Korogwe na Same humfikisha Moshi, ambako katika hospitali ya KCMC kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimefundisha matabibu tangu miaka ya 1990.

Kazi yetu sisi wanaisimu si kutibu. Hata hivyo, tunaweza kuhakikisha kwamba kamusi, vitabu vya shule na mabango ya zahanati vinatumia mbalanga kwa upotevu wa rangi peke yake, na ukoma kwa ugonjwa wa Hansen peke yake. Neno lenyewe tunalo tayari, wala hatuna haja ya kuliazima.