Gari likichemsha Mtera, usikimbilie kufungua rejeta

BARABARA ya lami ya Iringa hadi Dodoma, yenye urefu wa takriban kilomita 260 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, imewaondolea madereva adha ya vumbi na mashimo. Hata hivyo, haikuondoa milima wala joto.

Mtera, lilipo bwawa la kuzalisha umeme, ipo takriban mita 700 kutoka usawa wa bahari. Anayetoka hapo kwenda Dodoma hana budi kupanda Fufu. Anayekwenda Iringa hukabiliwa na mlima Nyang'oro. Kasoro ndogo isiyoonekana kwenye tambarare hujitokeza hapo.

Kabla ya safari, injini ikiwa baridi, kagua maji ya rejeta, mipira yake na mkanda wa feni. Kulanti ni bora kuliko maji matupu, kwani huzuia kutu na huchelewa kuchemka.

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi na upunguze mwendo. Ukikaribia alama nyekundu, egesha mahali salama, zima injini na usubiri angalau nusu saa. Kufungua rejeta ikiwa ya moto ni hatari: maji huruka kwa nguvu na kuunguza uso na mikono. Ikishapoa, fungua polepole kwa kitambaa kizito.

Aidha, usiimwagie injini ya moto maji baridi, hata kama bwawa lipo jirani. Silinda hedi yaweza kupasuka, na gharama yake haifanani kamwe na ya dumu la maji ambalo ungelibeba tangu nyumbani.