Tone Linaloleta Nafuu: Steroidi za Macho kwa Watoto Wadogo wa Nyarugusu

Kiangazi kinapokolea katika nyanda za juu za Kasulu, vumbi jekundu la barabara za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hutua juu ya kila kitu: maturubai, masufuria, nguo zilizoanikwa, kope za watoto. Moshi wa kuni nao hauko mbali. Si ajabu kumkuta mtoto wa miaka minne akifikicha macho kutwa nzima, macho mekundu, tongotongo likivutika kama uzi, uso akiuficha jua. Mara nyingi huo ni mzio. Na ipo dawa inayoufuta wekundu huo kwa siku mbili tatu tu: matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Hoja yangu ni kwamba pale ambapo presha ya jicho haipimwi, nafuu hiyo ya haraka ndiyo mlango wa madhara, kwa sababu humfanya mzazi aendelee na mhudumu aridhike. Kwa hiyo matone haya hayafai kuanzishwa kwa mtoto mdogo katika zahanati wala katika duka la dawa.

Ubaya wake haukugunduliwa jana. Philip Hench alipowapa kotisoni wagonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948, watu waliinuka vitandani. Mwaka 1950 yeye na wenzake wakapewa Tuzo ya Nobel. Haikupita miaka mingi, madaktari wa macho wakaanza kuona wagonjwa wao wakipanda presha ya jicho. Katika miaka ya 1960 Bernard Becker na Mansour Armaly walionyesha kwamba kiasi cha theluthi ya watu wazima hupandishwa presha hiyo na matone ya steroidi, na kama 5 kati ya 100 hupanda sana. Kwa watoto hali ni kali zaidi. Huko Hong Kong, watoto waliotiwa deksamethasoni baada ya upasuaji wa makengeza walipanda presha upesi na kwa kiwango kikubwa, na walio wadogo kiumri ndio walioathirika zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa kila saa kupitia chujio dogo lililo kwenye pembe ya mbele ya jicho. Steroidi huliziba chujio hilo pole pole. Maji hujaa, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huminywa hadi nyuzi zake zinakufa, na zikishakufa hazirudi. Hapo jicho linaweza kuwa jeupe, tulivu, zuri kuliko lilivyokuwa kabla ya dawa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukwambia kwamba pembeni haoni tena. Kwa aliye mchanga zaidi, ukuta wa jicho bado ni laini, kwa hiyo jicho lenyewe hutanuka, na majirani husifu kuwa mtoto kajaliwa macho makubwa. Lenzi nayo inaweza kufanya ukungu, yaani mtoto wa jicho, na ubongo unaokua ukinyimwa picha safi kwa muda mrefu haujifunzi kuona hata lenzi ikija kubadilishwa.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni mwili mzima. Tufanye hesabu. Matone ya deksamethasoni ya asilimia 0.1 yana miligramu 1 katika kila mililita, na tone moja ni kama mililita 0.05. Mtoto akitiwa tone moja kila jicho mara nne kwa siku, hayo ni matone 8, sawa na miligramu 0.4. Yaonekana si kitu. Lakini deksamethasoni ina nguvu zaidi ya mara 20 ya kotisoli ambayo mwili hujitengenezea, kwa hiyo kiasi hicho ni sawa na miligramu 10 hivi za kotisoli, wakati mwili wa mtoto wa kilo 10 hutengeneza kama 4 tu kwa siku. Jicho haliwezi kubeba tone zima. Linalozidi hushuka kwenye mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Kila mama ameliona hilo bila kuambiwa: ametoka tu kumtia mwanawe dawa, mtoto anakunja uso na kulamba midomo, maana ameuonja uchungu. Utando wa pua huinyonya dawa moja kwa moja hadi kwenye damu. Hata ikinyonywa nusu yake tu, tezi zilizo juu ya figo hupokea ujumbe kwamba kazi imekwisha, nazo hulala. Matone yakikatishwa ghafla, au mtoto akishikwa na malaria, mwili hauna akiba ya kujitetea.

Wako watoto wachanga ambao madaktari wameandika habari zao, waliovimba uso na kudumaa kimo kwa sababu ya matone ya macho peke yake. Nalitaja hili kwa makusudi. Katika kambi ambako mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe wa rangi kujua kama ana utapiamlo, nani atatilia shaka mashavu yaliyojaa?

Kuna na maambukizi. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea, kioo cha mbele cha jicho. Surua ilikuwa chanzo kikubwa, pamoja na upungufu wa vitamini A, virusi vya hepesi na dawa za kienyeji. Steroidi zikitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha hepesi, kinga ya jicho hunyong'onyea na konea huweza kuyeyuka hadi kutoboka. Katika makazi yaliyobanana kama Nyarugusu, yaliyopokea Wakongo tangu 1996 na Warundi wengi tangu 2015, surua si habari za kale.

Kwa ajili ya dawa hizo za kienyeji tumezoea kuwakemea wazazi kwa kutia majani machoni mwa watoto. Ni haki kukemea. Lakini kichupa cha plastiki chenye maandishi madogo ya Kiingereza hakikemewi, ingawa jina la steroidi limejificha nyuma ya jina la dawa ya kuua bakteria, na muuzaji husema tu "hii ni dawa ya macho". Wanawake wengi, wawe wa Uvira, wa Makamba au wa Kasulu, wanajua mkorogo unavyochuna na kulainisha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Katika krimu nyingi za aina hiyo mna dawa za ukoo huu huu. Wakielezwa hivyo wataelewa kwa sentensi moja. Kosa si lao.

Atakayenipinga ana hoja nzito: mzio mkali nao hupofusha. Unapofanya matuta makubwa chini ya kope, matuta hayo hukwangua konea hadi kuacha kidonda na kovu, na steroidi kwa siku chache huokoa jicho. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho haziepukiki. Nakubali yote hayo, ndiyo maana sidai zipigwe marufuku. Ila wanaohitaji hivyo ni wachache, na wengine wana njia nyingine: kitambaa cha maji baridi, kuosha uso vumbi linapozidi, na matone ya kromoglikati au ya kuzuia histamini, ambayo huchelewa kidogo lakini hayapandishi presha. Hata kwa wenye mzio mkali, Stefan De Smedt na wenzake nchini Rwanda, ambako walikuta ugonjwa huu kwa watoto wa shule kama 4 kati ya 100, walilinganisha siklosporini na deksamethasoni wakaona zinakaribiana kwa kazi. Siklosporini ilichoma zaidi tu inapotiwa. Rwanda si mbali na Kasulu, na vumbi lake ni lile lile.

Kinachoifanya Nyarugusu iwe tofauti ni kurudi kliniki. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kupelekwa Muhimbili wiki ijayo. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kutoka hapo hadi Maweni mjini Kigoma, au Bugando huko Mwanza, ni safari inayohitaji karatasi, gari na mtu wa kubaki na watoto wengine. Kumwandikia mtoto kama huyo matone ya steroidi na kumwambia "rudi baada ya wiki mbili upimwe presha" ni kuandika agizo lisilotekelezeka.

Basi kipimo ndicho kiende kambini kwanza. Ipo tonometa ndogo ya kushika mkononi inayogusa konea kwa sekunde moja bila ganzi, na mtoto aliyepakatwa huivumilia. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuitumia. Steroidi zikae kabatini kwake, si kwenye dirisha la dawa la jumla, na zitoke kwa kichupa kimoja chenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili na Kirundi. Mama aonyeshwe kubana kona ya ndani ya jicho kwa kidole dakika moja hadi mbili baada ya kila tone, ili dawa isishuke puani. Tarehe ikifika, kichupa kirudi na mtoto, na presha ipimwe kabla ya kuulizwa kama macho bado yanawasha.