Sanamu iliyobaki mu kartoni: namna michezo ya watoto iligeuka mali ya wakubwa



Kuko watu wa miaka 40 ao 50, wenye kazi, bibi na watoto, ambao kila mwisho wa mwezi wanatosha franga na kununua sanamu ndogo ya plastiki: askari, roboti, shujaa wa filme. Hawaichezi. Wanaipanga mu kabati ya vioo, wanaiwekea taa, na mara ingine hawafungui hata kartoni yake. Ku Marekani, Japani na Uingereza ile ni biashara kubwa kabisa. Wengi wetu tukisikia tunacheka: «Mutu muzima na michezo ya watoto!» Lakini historia yake inaonyesha wazi namna thamani ya kitu inazaliwa na namna inakufa, na sisi wenye diplome mpya, tunaotafuta kila siku fasi ya kuweka kidogo tulicho nacho, ile somo inatuhusu. Tuifuate tangu mwanzo.

Mwanzo ni mwaka wa 1964, ku kampuni ya Hassenfeld Brothers, mu muji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Ile kampuni njo leo inaitwa Hasbro. Mu 1959, kampuni ingine, Mattel, ilikuwa imetosha Barbie, na wafanyabiashara wote waliona siri yake: pupe yenyewe mutoto anainunua mara moja, lakini nguo na vyombo vyake ananunua tena na tena. Mumarekani mumoja, Stan Weston, akajiuliza kwa nini vijana wanaume wasikuwe na yao. Akapeleka wazo la askari mwenye nguo, kofia na bunduki za kubadilisha. Don Levine, aliyesimamia kazi ya kutengeneza michezo mipya ku ile kampuni, akalipokea. Weston aliuza wazo lake kwa dola 100,000, basi. Hakupata fungu juu ya kila sanamu itakayouzwa. Askari yule akaitwa G.I. Joe: urefu karibu santimetri 29, na viungo vinavyogeuka ku shingo, mabega, viwiko na magoti.

Shida moja ilibaki: neno «pupe». Baba gani wa Marekani wa ule wakati angenunulia kijana wake pupe? Kwa hiyo kampuni ikatunga jina mpya, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema «sanamu ya vitendo», na wauzaji wake wakakatazwa kutumia lile neno lingine. Kitu ni kile kile, mutu mudogo wa plastiki anayevalishwa nguo, lakini jina lilifungua mulango. Tena, juu hakuna sheria inayoruhusu mutu kumiliki umbo la mwili wa binadamu, walimuwekea G.I. Joe kovu ku shavu, na ukucha wa kidole gumba ukawa upande usio wake. Mwenye kuiga akiiga na lile kosa, anakamatwa.

Musifikiri ile hadithi ya jina ni kitu kidogo. Karibu miaka 40 kisha, kampuni Toy Biz iliingia mu tribinali na serikali ya Marekani juu ya sanamu za X-Men zilizotoka Uchina. Duane ilikuwa inalipisha asilimia 12 ku pupe na asilimia 6.8 tu ku michezo mingine. Kwa sheria ya duane, pupe ni sanamu ya binadamu. Kwa hiyo maavoka wa kampuni wakajitetea kwamba hawa wenye makucha na mabawa hawako binadamu kamili. Mu 2003 tribinali ya biashara ya kimataifa ikakubali. Wapenzi wa X-Men walikasirika, juu hadithi zao zote zinasema kinyume: kwamba wale wanaotofautiana na wengine nao ni watu. Lakini ku duane, utu wao ulikuwa na bei, na bei ile ilikuwa karibu mara mbili.

Turudi nyuma. Vita vya Vietnam viliharibia askari jina, na Hasbro ikamugeuza G.I. Joe kuwa musafiri wa hatari, mwenye ndevu. Kisha mu 1973 bei ya petroli ikapanda sana, na plastiki inatoka mu petroli. Sanamu ya santimetri 29 ikawa muzigo kwa mutengenezaji. Kule Japani, kampuni Takara, iliyokuwa inauza G.I. Joe kwa ruhusa, ilitosha mu 1974 watu wadogo wa karibu santimetri 10, walioitwa Microman. Sanamu ikafupika, na vyombo vyake, magari na ndege, vikaongezeka.

Ku Marekani, kampuni Kenner ya Cincinnati ilichukua njia ile ile mu 1977, ilipopata haki ya kutengeneza michezo ya filme Star Wars. Hakuna aliyefikiri ile filme itafika mbali. Kampuni zingine zilikuwa zimekataa. Filme ilitoka Mei 1977, watu wakajaa mu masinema, na Noeli ikakaribia bila Kenner kuwa na sanamu hata moja tayari. Wakafanya nini? Wakauza kartoni tupu. Kweli kabisa: ndani mulikuwa picha, vibandiko na karatasi ya kutuma ku posta, ili mutoto apokee sanamu nne mu miezi ya kwanza ya 1978. Wazazi walinunua ahadi. Mu mwaka ule wa 1978 Kenner iliuza zaidi ya sanamu na michezo milioni 40 ya Star Wars. Zilikuwa za karibu santimetri 9.5, ndogo za kutosha ili kijana aweze kuziingiza mu chombo cha anga cha plastiki bila kile chombo kujaza nyumba.

Sasa tufike ku fundo la mambo yote. Zile sanamu zilinunuliwa ili zichezewe, na zilichezewa. Zilizikwa mu muchanga, zilivunjika mikono, bunduki zake ndogo zilipotea chini ya vitanda, mbwa alizitafuna, mama akatupa zilizobaki siku ya kuhama. Kartoni yake ilipasuliwa mu dakika moja na kwenda mu taka. Ile yenye ilibaki safi mu kartoni ilibaki kwa bahati: duka lilifunga, ao zawadi ilisahauliwa mu kabati. Hakuna aliyepanga. Wale watoto walipokuwa wakubwa, wakapata mishahara na wakaanza kutafuta utoto wao, walikuta vitu vichache sana. Wanunuzi wengi, vitu vichache: njo maana bei ilipanda.

Angalieni mufano wa Jawa, mutu mudogo wa jangwani. Wa kwanza kabisa walikuwa na koti ya plastiki. Upesi kampuni ikaona inaonekana ya bei ya chini, ikabadilisha na koti ya kitambaa. Wale wachache wa plastiki leo wanatafutwa sana, na wajanja wamejaza soko na makoti ya bandia. Mufano mukubwa zaidi ni Boba Fett. Mu 1979 Kenner iliahidi kutuma Boba Fett mwenye roketi inayoruka ku mugongo kwa kila mutoto atakayeleta alama nne za manunuzi. Lakini mutoto alikufa kwa kukabwa na risasi ndogo ya mchezo wa kampuni ingine. Kenner ikaogopa, ikafungia roketi ku mugongo wa sanamu, na ile ya kuruka haikuuzwa hata siku moja. Zilibaki tu chache za majaribio. Mu 2024, moja yao, iliyopakwa rangi kwa mukono, iliuzwa ku munada wa Heritage Auctions kwa dola 525,000. Kitu chenye hakikuweza kupewa mutoto njo kikawa mchezo wa bei kali sana.

Watu waliposikia bei za namna ile, wakakimbia. Mu 1995 Kenner, iliyokuwa sasa mukononi mwa Hasbro, ilianza tena kutosha sanamu za Star Wars. Safari hii wanunuzi walikuwa watu wazima, na wengi walinunua mbili mbili: moja ya kufungua, moja ya kuweka. Mu Mei 1999, kabla ya filme mpya, maduka makubwa ya Marekani yalifunguliwa usiku wa manane na watu wakapanga mustari. Wengi walilinda kartoni zao bila kuzipasua. Na matokeo? Sanamu nyingi za ile miaka, hata leo zikiwa hazijafunguliwa, zinauzwa kwa dola chache tu. Mulimaji yeyote wa maharagwe anaijua hii hesabu. Ukiona jirani ameuza vizuri wakati wa njaa, usifikiri wewe na kijiji kizima mutauza kwa bei ile musimu wa mavuno. Bei ya jana ilitokana na upungufu wa jana. Wote wakiweka mu ghala kitu kimoja, wote wanabaki nacho.

Wale waliokuja kwa faida peke yake wengi waliondoka. Waliobaki ni wale wanaopenda kitu chenyewe, na kwa ajili yao kazi ikabadilika. Tangu 1994, Todd McFarlane, muchoraji wa vitabu vya picha, alianza kutosha sanamu za Spawn zenye uchongaji wa kina ambao mutoto haulizi lakini mukubwa anauona. Mu 2000 kule Hong Kong ikazaliwa Hot Toys, inayotengeneza sanamu za karibu santimetri 30, urefu ule ule wa G.I. Joe wa zamani, yenye uso unaofanana na wa muchezaji wa filme mpaka mikunjo ya ngozi, na bei yake inapita dola mia mbili. Mu 2018 Hasbro iliuliza kama kuko watu 5,000 watakaolipa mbele karibu dola 500 kila mumoja kwa jahazi moja ya Star Wars. Wakajitokeza zaidi ya 8,000. Ile ahadi ya kartoni tupu ya 1977 ilirudi, lakini sasa mwenye kutosha franga ni yule mutoto mwenyewe, amekua.

Kuonyesha nako ni kazi yenye elimu yake. Hapa sisi wa agronomia hatuwi wageni: adui wa sanamu ni ndugu za adui wa mbegu mu ghala, ni kusema joto, unyevu na mwangaza. Jua la dirisha linafanya plastiki nyeupe igeuke manjano. Plastiki laini inatoa jasho la mafuta na kunata, juu kile kilichowekwa ndani kuilainisha kinatoka pole pole. Njo maana wanaojua wanaweka kabati mbali na dirisha, wanaacha hewa ipite, na wanafuta vumbi kwa burashi laini. Steve Sansweet, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Wall Street Journal, alijaza shamba lake la kuku la zamani karibu na Petaluma, California, na vitu vya Star Wars, na mu 2013 Guinness ilimutambua kuwa na mkusanyo mukubwa kuliko wote. Hakuufunga kwa kufuli: aliugeuza makumbusho, na watu wakautembelea.

Tena kila musanyaji mwenye akili anaandika. Ilitoka wapi, mwaka gani, nani aliinunua, kipi kimebadilishwa. Sanamu yenye karatasi ya posta ya 1978 na ile isiyokuwa nayo haziko sawa, hata kama plastiki ni ile ile.

Na sisi? Watoto wa kwetu wametengeneza motokari za waya zenye usukani murefu, makamyo ya kopo za sardini, mipira ya migomba iliyokauka, na chukudu ndogo za mbao. Hakuna kampuni iliyozitunga, hakuna duane iliyozipimia kodi. Zilichezewa mpaka zikavunjika, sawasawa na zile sanamu za 1978. Leo mipira ya plastiki na simu vinachukua fasi yao. Sisemi tuzilinde ili tuziuze kesho kwa dola. Tumeona vile wale wa 1999 walivyopata. Nasema kitu kidogo zaidi. Ukikuta motokari ya waya iliyotengenezwa vizuri mu kijiji ao mu avenue yako, umuombe mwenyewe akuuzie moja, uandike jina lake akikubali, fasi, mwaka na namna alivyokunja ile waya, kisha uiweke fasi kavu. Franga zake hazifiki bei ya bia. Na mutoto atakayezaliwa kisha yetu ataweza kuishika mukononi, si kuambiwa tu kwamba ilikuwako.