Mchawi, Mganga na Mfanya Mazingaombwe: Maneno Matatu na Sherehe Moja ya Watoto

Wahenga walisema, "Mchawi mpe mtoto amlee." Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu wanafunzi huicheka kabla ya kuielewa. Maana yake ni kwamba yule umwogopaye, ukimkabidhi kitu chako cha thamani, hana budi kukilinda, kwani likitokea baya macho yote yatamwelekea yeye.

Methali hiyo ilitujia akilini hivi karibuni, pale mzazi mmoja wa Ntinda, mjini Kampala, alipotujia na ombi. Binti yake alikuwa karibu kutimiza miaka tisa, naye alitaka sherehe ya kuzaliwa kwake iwe ya "wachawi": kofia ndefu zenye ncha, majoho, fimbo na fagio. Waalikwa walikuwa watoto wa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na wa majirani kutoka Kongo. Kwa hiyo mzazi aliona kadi iandikwe kwa Kiswahili. Alituuliza jambo moja tu: je, "Sherehe ya Wachawi" ni Kiswahili sanifu?

Sarufi yake haina kosa. Kosa limo katika historia, nayo ndiyo tupendayo kuwaeleza walimu wenzetu.

Mchawi aliyekuwa akilini mwa binti yule ametoka Uingereza. Ni mzee wa ngano mwenye ndevu, au mvulana wa shule ya bweni katika vitabu vya J. K. Rowling, ambavyo cha kwanza kilitolewa mwaka 1997. Kwa Kiingereza mtu huyo ana jina lake, lenye asili moja na neno la hekima, nalo si lile aitwalo mwanamke mwovu arogaye watu. Wala si mgeni tena Uganda: katika kijiji cha Katwadde, karibu na Masaka, watoto wamecheza ule mchezo wa vitabuni, wakikimbia na kijiti katikati ya miguu mahali pa ufagio urukao.

Mchawi wa Kiswahili ni mtu mwingine kabisa. Yeye hudhuru, tena kwa siri. Waganda humwita omulogo, na kitenzi chao okuloga ni ndugu wa kuroga kwetu. Yaani neno hili ni la kale katika lugha za Kibantu, wala halikuja na meli. Kinyume chake ni mganga, ambaye kwa Kiganda ni omusawo. Yafaa wanafunzi waone jinsi majina haya mawili yalivyopanuka: leo omusawo ni daktari wa hospitali, na huko Tanzania Mganga Mkuu wa Mkoa ni mtumishi wa serikali. Wa tatu ni mfanya mazingaombwe. Huyu haponyi wala hadhuru; hufanya kiinimacho ili watu washangae na kucheka.

Watawala wa kikoloni hawakuwa na subira ya kutenga maneno hayo. Uganda ilitungiwa Sheria ya Uchawi mwaka 1912, kisha nyingine mwaka 1957. Hii ya pili ilikiri kwamba ibada ya mizimu ifanywayo kwa nia njema, na utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema, si uchawi. Hata hivyo iliiruhusu mahakama kumkataza aliyetiwa hatiani asirudi nyumbani kwake. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo, na baada ya kifungo akae mbali na kwao kwa miaka 10. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba amri ya namna hiyo yapingana na Katiba, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikaafiki.

Mjini Kampala penyewe upo ushahidi mwingine wa mchanganyiko huo. Mwaka 1907 George Wilson, mtawala wa Kiingereza, aliagiza vikusanywe vitu vya kienyeji kutoka pande zote za nchi, na mwaka 1908 vikawekwa katika jengo dogo ndani ya ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala. Miongoni mwavyo vilikuwamo vyombo vya ibada na uganga. Wenyeji wakapaita Enyumba y'Amayembe, yaani Nyumba ya Pembe, kwa sababu iliaminika kuwa pembe za namna hiyo zina pepo ndani yake. Nyumba hiyo ndiyo asili ya Makumbusho ya Uganda, ambayo tangu mwaka 1954 yapo Kitante. Huko ndiko yaliporudishwa, mwaka 1962, mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, ambayo mmisionari John Roscoe aliyapata na kuyapeleka Cambridge. Basi pembe ile ile ni uchawi kwa mmoja, dawa kwa mwingine, na kwa watoto wa shule wazuruo Kitante ni kitu cha kutazamwa nyuma ya kioo.

Turudi kwenye sherehe. Mzazi alikusudia kushona majoho kwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, akidhani itapendeza. Tulimshauri asifanye hivyo. Lubugo huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka na hufungiwa maiti. UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Si nguo ya kukokotwa katika keki. Pazia kuukuu lilitosha kwa majoho, na karatasi ya manila kwa kofia.

Kisha tulipitia orodha ya waalikwa. Mtoto mmoja hulelewa na bibi yake, aliyehama kijijini kwake baada ya majirani kumtupia neno lile lile tulilotaka kulichapa kwenye kadi. Hakushtakiwa popote, neno peke yake lilitosha kumhamisha. Tukamwuliza mzazi: itakuwaje kadi ikifika mezani pa bibi huyo, naye akamwambia mjukuu wake amsomee?

Mzazi alinyamaza kitambo. Hatimaye kadi iliandikwa "Sherehe ya Mazingaombwe". Watoto walivaa kofia zao, wakaona shilingi ikipotea chini ya kikombe, na kabla ya keki kukatwa kila mmoja alifundishwa siri ya mchezo mmoja. Bibi yule alimleta mjukuu wake mwenyewe, akaketi barazani mpaka jioni.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wengi basi watayasikia maneno haya kwanza vinywani mwetu. Tusiwape "mchawi" kuwa tafsiri ya kila mwenye kofia na fimbo. Tuyafundishe matatu kwa pamoja, kila moja na mtu wake. Na tunapoifundisha ile methali, tukumbuke kwamba wako walioitwa wachawi ambao hakuna aliyewajaribu kwa kuwapa mtoto. Walikuwa wakilea tangu hapo.