Klabu ya uzamiaji: Usalama huanza nchi kavu

UZAMIAJI wa kutumia mitungi ya hewa si mchezo wa watalii peke yao. Wakazi wa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wanayo bahari mlangoni, na kundi dogo la marafiki wenye nia moja laweza kuanzisha klabu, kuchangia vifaa na kuzamia kwa gharama nafuu. Hata hivyo, klabu ya namna hiyo haiendeshwi kama timu ya mtaani. Kosa dogo la kiongozi au mwalimu huweza kugharimu maisha ya mwanachama.

Mfumo huu si mgeni duniani. Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza mwaka 1943 kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi kadiri anavyovuta pumzi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1953, ilianzishwa jijini London klabu ya British Sub-Aqua Club, ambayo wanachama wake hufundishana kwa kujitolea kupitia matawi. Shirikisho la kimataifa la CMAS liliundwa mwaka 1959, na nchini Marekani yakafuata mashirika ya NAUI mwaka 1960 na PADI mwaka 1966. Klabu changa haina haja ya kubuni mtaala wake. Ichague mfumo mmojawapo, ipate mwalimu mwenye cheti cha mfumo huo, na iufuate kikamilifu bila kuruka hatua.

Mgandamizo na mwili

Kila mwanachama sharti aelewe jambo moja kabla ya kugusa maji. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji aliyeko mita 10 hupata mgandamizo mara mbili ya ule wa nchi kavu, na aliyeko mita 30 mara nne. Hewa iliyojaa mapafuni akiwa mita 10 hupanuka mara mbili afikapo juu. Akizuia pumzi wakati wa kupanda, mapafu huweza kupasuka, na ajali hiyo huweza kutokea hata katika bwawa la kuogelea. Ndiyo maana amri ya kwanza ya uzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe.

Hatari ya pili ni gesi ya naitrojeni, ambayo huyeyuka katika damu na misuli mzamiaji akiwa kinani. Akipanda kwa pupa, gesi hiyo hufanya mapovu mwilini, kama soda inavyotoa mapovu chupa inapofunguliwa ghafla. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, kupooza au hata kifo. Mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua mwaka 1908 baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi. Siku hizi wazamiaji wengi huvaa kompyuta ndogo mkononi, lakini desturi njema haijabadilika: kupanda polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, na kutulia dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Nani mwenye kauli?

Pamoja na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, klabu inahitaji viongozi wengine watatu. Wa kwanza ni mkuu wa mafunzo, anayeamua nani amefuzu na nani bado. Wa pili ni mtunza vifaa. Wa tatu ni kiongozi wa msafara, anayeteuliwa kwa kila safari. Katiba ya klabu itamke wazi kuwa kauli ya kiongozi wa msafara kuhusu usalama haipingwi siku hiyo, hata na mwenyekiti.

Mafunzo yenyewe huanza kwa fomu ya afya. Mwenye pumu, kifafa, maradhi ya moyo au matatizo ya masikio apelekwe kwanza kwa daktari. Kisha hufuata jaribio la kuogelea, kwa kawaida mita 200 mfululizo na kuelea dakika 10. Baada ya nadharia, mwanafunzi huingia katika bwawa au maji tulivu na kujifunza kutoa maji ndani ya miwani, kurudisha kinywani kifaa cha kupumulia kilichochomoka, na kupumua kwa kutumia hewa ya mwenzake. Marudio yaendelee hadi afanye hayo bila hofu. Ndipo huchukuliwa baharini, na katika mifumo mingi mwenye cheti cha awali huishia mita 18 au 20. Mtu asipandishwe daraja kwa sababu ya urafiki, wala kwa kuwa amekwisha kulipa ada.

Mitungi na hewa

Mtungi uliojazwa vema hubeba hewa yenye mgandamizo wa baa 200, takriban mara 200 ya ule wa angahewa. Mtunza vifaa awe na daftari la kila mtungi, linaloonyesha ulipokaguliwa ndani na ulipopimwa nguvu kwa maji. Mashine ya kujazia ivute hewa mbali na moshi wa injini, kwani kaboni monoksaidi kidogo tu huwa sumu kali mzamiaji anaposhuka chini.

Hesabu ya hewa ifanywe kabla ya safari. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mzamiaji anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia lita 60 akiwa mita 20. Akitenga akiba ya baa 50, ambayo ni lita 600, hubakiwa na lita 1,800 zinazomtosha dakika 30 tu. Mgeni mwenye wasiwasi humaliza hewa mapema zaidi, hivyo kundi lote lifuate hewa ya yule anayemaliza haraka.

Siku ya safari

Wazamiaji wa Dar es Salaam wana bahati ya kuwa karibu na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotengwa kuwa maeneo ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Sheria za hifadhi zifuatwe na matumbawe yasiguswe. Aidha, kiongozi asome hali ya bahari kama wafanyavyo wavuvi. Wakati wa bamvua mikondo huwa na nguvu kuliko wakati wa maji mafu, na upepo wa kusi huchafua bahari.

Kila mzamiaji awe na mwenzake, nao wakaguane vifaa kabla ya kuingia majini. Nahodha abaki chomboni na orodha ya majina, bendera ya buluu na nyeupe ya wazamiaji ipepee, na majina yaitwe upya kabla ya kung'oa nanga. Chomboni kuwe na oksijeni na mtu aliyefunzwa kuitoa. Klabu ijue mapema chemba ya tiba ya mgandamizo iliyo karibu, kama inafanya kazi, na mgonjwa atafikishwaje huko. Anayetaka kusafiri kwa ndege asubiri walau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa.

Mwisho ni suala la fedha, ambalo klabu nyingi hulisahau. Wanachama wakishachangia mafuta ya boti, huwa vigumu kusema hali ya bahari hairuhusu. Klabu iweke kanuni kuwa mchango wa safari iliyoahirishwa huhamia safari ijayo, na kwamba mwanachama yeyote anayejisikia vibaya anaweza kujitoa bila kuulizwa sababu wala kutaniwa. Waswahili husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Klabu inayowaruhusu wanachama wake kusema "leo sizamii" ndiyo itakayowarudisha wote nyumbani salama.