Ziwa Nakuru na Ukingo Wake Usiotulia

Mwanafunzi anayeanza masomo ya sayansi ya mazingira hukutana mapema na dhana ya mizani ya asili: kila mahali pana hali yake ya kawaida, binadamu huivuruga, na kazi ya mhifadhi ni kuirudisha. Kwa Mkenya, Ziwa Nakuru ndio mfano ulio karibu. Picha inayofahamika ni ile ya ufuo uliofurika heroe hata maji yakaonekana ya waridi, na kila ziwa linapokauka au kujaa kupita kiasi watu huuliza ni lini litarudia hali yake. Picha hiyo si ya uongo. Ila ilipigwa katika kipindi kifupi, na mtu akiiweka ndani ya historia ndefu ya bonde lenyewe, inakuwa vigumu kusema hali yake ni ipi. Ninavyoona, ziwa hili halijapata kuwa na ukingo mmoja. Kilicho kipya ni mji, hati za mashamba na ua wa nyaya, vyote vikiwa vimewekwa kana kwamba lilikuwa nao.

Nakuru ni bonde lisilo na mlango wa kutokea. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huteremka kutoka milima ya Mau, chemchemi za Baharini huongeza kidogo, na maji yakishafika chini hayana mto wa kuyatoa; hupanda angani kama mvuke na kuacha magadi nyuma. Kitako cha ziwa ni bapa kama sinia, kwa hiyo kina kikiongezeka kidogo tu, ufuo husogea mbali. Ushahidi wa mabadiliko makubwa zaidi uko nje kidogo ya mji, kwenye kilima cha Hyrax Hill, ambako alama za ufuo wa kale zinaonekana juu kabisa ya maji ya leo. Louis Leakey, aliyechimba bonde hili katika miaka ya 1920, alikuta katika pango la Gamble karibu na Elementaita masalia ya watu waliokaa pembeni mwa ziwa kubwa. Alidhani vipindi vya mvua nyingi Afrika Mashariki vilikwenda sambamba na enzi za barafu za Ulaya. Vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 1972 vilionyesha vingine: kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imekwisha kurudi nyuma, Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja, lenye maji yaliyofika karibu mita 180 juu ya kiwango cha sasa. Baadaye likashuka, likagawanyika, na watu wakaufuata ufuo ulipokwenda.

Kufuata ufuo kuliwezekana kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumzuia mtu. Wamaasai waliochunga hapa katika karne ya 19 walihamisha mifugo kulingana na maji na malisho. Mwaka wa ukame ulikuwa na njia zake na mwaka wa mvua zake. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kufuatia mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi za kati za bonde na kupelekwa Laikipia, kisha kuhamishwa tena kuelekea kusini baada ya mkataba wa 1911. Ardhi ikapimwa, ikagawanywa kwa walowezi, na kila shamba likapata bikoni zake za mpaka. Historia ya ardhi ya Nakuru husimuliwa kwa kawaida kama historia ya dhuluma, na ni kweli. Lakini ni historia ya mazingira pia, kwani hapo ndipo mstari wa maji unaosogea ulipokutana na mstari wa mpimaji usiosogea.

Kwa miaka mingi mgongano huo haukuonekana, kwa sababu ziwa lilikuwa dogo. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 lilikauka au kukaribia kukauka mara kadhaa, na upepo ukapeperusha vumbi la magadi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 walipandikizwa humo tilapia wadogo kutoka Ziwa Magadi, samaki wanaostahimili chumvi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa zikalijaza tena. Samaki wakazaana, na ndege aina ya mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Sehemu ya kusini ilikuwa imeshatengwa kuwa makao ya ndege, na mwaka 1968 ikatangazwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo hifadhi iliyokusudiwa kulinda asili ilijengwa juu ya mvua ya mwaka mmoja wa ajabu, na baadhi ya ndege wake maarufu waliletwa na samaki wa kupandikizwa. Sisemi hivyo kuikejeli. Nasema tu kwamba anayetaka Nakuru ya asili itambidi aeleze kwanza atawafanya nini mwari.

Heroe wenyewe ni shahidi mzuri zaidi. Heroe mdogo huinamisha kichwa hadi mdomo ukageuka juu chini, na ulimi hufanya kazi ya pampu: huvuta maji na kuyatoa kupitia vichujio vyembamba mdomoni, vikibakiza vijani vidogo vya mwani vya rangi ya kijani kibichi na samawati vinavyostawi penye magadi mengi. Mtafiti Ekkehard Vareschi alifanya kazi Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati heroe walikaribia milioni moja na walikula makumi ya tani kwa siku. Mwaka 1974 vijani hivyo viliporomoka, na ndege wakaondoka karibu wote. Hapo maji hayakuwa yamefurika wala kukauka. Heroe walihamia maziwa mengine ya bonde, kama wanavyofanya siku zote, nao huzaliana Ziwa Natron, Tanzania, si Nakuru. Makao yao hasa ni mnyororo mzima wa maziwa. Nakuru ni kituo kimojawapo.

Baada ya hapo ziwa liliendelea na mwenendo wake. Mwaka 1996 lilikauka karibu lote, mvua za El Niño za 1997 zikalijaza, na ukame wa 2009 ukalishusha. Kuanzia 2010 likapanda, kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi karibu 70. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 188 na imezungushiwa ua, maana yake maji yamechukua zaidi ya theluthi moja yake na wanyama hawana pa kusogea. Lango kuu na ofisi zilizama. Migunga yenye magome ya njano imekufa ikiwa wima ndani ya maji. Mitaa ya Mwariki na Barut imepoteza nyumba na mashamba, na maji yakiwa yamepungua chumvi, heroe wengi wamekwenda Ziwa Bogoria na kwingineko.

Hapa ndipo pingamizi kubwa huja: kusema ziwa hubadilika kwa asili ni kuwasafisha walioumaliza msitu wa Mau. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika orodha ya misitu, na Mto Njoro, uliowahi kutiririka mwaka mzima, sasa hukauka sehemu za chini wakati wa kiangazi. Hayo siyapingi. Lakini tukumbuke kwamba katika miaka ya 1990 ukataji miti ulilaumiwa kwa kulikausha ziwa, na miaka ishirini baadaye ukalaumiwa kwa kulifurisha. Mshtakiwa mmoja anaweza kuwa na makosa mawili, ila ushahidi utolewe kwa kila kosa. Baringo, Bogoria na Naivasha zilipanda katika kipindi kilekile, na kila moja ina mito yake na historia yake ya misitu. Kinachoyaunganisha ni mvua. Mvua za 1961, 1997 na 2019 zilikuja zote wakati maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto kuliko ya mashariki. Kupotea kwa msitu kunaonekana kwingine: maji hushuka kwa kasi, huleta tope, kisha mto hukauka mapema. Kuchanganya mambo haya mawili kuna gharama kwa watu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikataa hoja kwamba kuwaondoa Waogieki, jamii inayoishi humo, msituni kulihalalishwa na uhifadhi wa Mau.

Pingamizi la pili ni la mji, nalo lina nguvu zaidi kuliko linavyopewa. Visima vya Nakuru vina floridi nyingi, ile inayoacha meno ya kahawia kwa waliokulia hapa, kwa hiyo sehemu ya maji ya mji huletwa kutoka Mto Turasha, ambao ni wa bonde la Naivasha. Yakishatumika huingia kwenye mabwawa ya majitaka na kuishia ziwani pamoja na yaliyomo. Huo si mwenendo wa asili hata kidogo, na mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 hauwezi kumsingizia El Niño.

Ripoti ya serikali ya mwaka huohuo ilitaja mvua kama sababu kuu ya maziwa kupanda, ikiongeza matumizi ya ardhi na mabadiliko ya miamba. Waliofurikiwa Mwariki na Barut wana hati halali, zilizotolewa kwa kufuata ufuo ulioonekana siku ya kupima. Bikoni za mashamba hayo zikirudishwa pale zilipokuwa mwaka 2009, kipimo kitakuwa kimechukuliwa katika mwaka wa ukame.