Wahaiti waliofundisha Kongo

Vijana wenzangu, wakimbizi tukitajwa, watu wanafikiria hema, blanketi na foleni ya mgao. Leo niwape historia ya watu waliokimbia udikteta kwao, wakafika Kongo, wakakabidhiwa madarasa na wodi za hospitali.

Mwaka 1957 François Duvalier alishika madaraka Haiti. Wasomi waliompinga walifungwa, wengine wakauawa. Walimu, madaktari na mainjinia wakaanza kutafuta pa kwenda.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru. Siku chache baadaye askari wakaasi, na Wabelgiji wakaondoka kwa maelfu. Shule zikakosa walimu. Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30, na daktari Mkongo hakuwepo. Walikuwepo wasaidizi wa tiba tu.

Basi Umoja wa Mataifa ukaajiri wataalamu kutoka nje, na Wahaiti wakawa wengi miongoni mwao. Walijua Kifaransa, walikuwa na vyeti, na walikuwa Weusi wa nchi iliyojikomboa mikononi mwa Ufaransa mwaka 1804. Mmoja wao alikuwa mtaalamu wa kilimo. Mwanawe, Raoul Peck, alifika Leopoldville (leo Kinshasa) akiwa mtoto wa miaka minane, na baadaye akatengeneza filamu kuhusu Lumumba.

Mambo matatu yaliwaingiza kazini: nafasi ilikuwepo, cheti kilitambuliwa, mkataba ulikuwa na mshahara. Na mwenyeji hakuzibiwa njia: wakati wageni wanashika kazi, Shirika la Afya Duniani liliwapeleka wasaidizi wa tiba Ufaransa wakasomee udaktari.

Ila tusidanganyane, jamani. Wakongo walipohitimu, mikataba ya wageni ikaanza kwisha. Miaka ya 1970 Mobutu akasisitiza Uzaire, na Wahaiti wengi wakafunga tena mizigo, wakaenda Kanada na Marekani. Kazi walipewa, lakini wengi hawakupata pa kukaa moja kwa moja.

Na sisi je? Kambini yupo mwalimu aliyefundisha sekondari miaka mingi kwao, leo anapokea posho. Ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjaleta kozi nyingine ya ushonaji, tuulizeni kwanza: kwenu ulikuwa unafanya kazi gani? Cheti chako kiko wapi, na nani atakitambua? Kongo ya 1960 iliuliza hivyo, na watoto wakarudi darasani.